Ufundi wa Kisichoandikwa

Tuseme zahanati moja imechanja watoto 47 mwezi huu. Mhudumu anaiingiza namba hiyo kwenye kompyuta, anabofya kitufe cha kuhifadhi, kisha anarudi kwa wagonjwa wake. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa mfumo wa DHIS2 uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, nao mfumo huo huziweka takwimu zake ndani ya PostgreSQL, hifadhidata ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ile 47 basi inakwenda kukaa kwenye diski ya seva, katika mstari mmoja wa jedwali kubwa.

Mstari wa namna hiyo ndio ninaotaka tuutazame, baiti kwa baiti. Wengi wanaofanya kazi na hifadhidata kila siku hawajawahi kuuona ulivyo ndani, wala si kosa lao. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyozaa hifadhidata za majedwali, na hoja aliyoanza nayo ilikuwa kwamba mtumiaji wa data asilazimike kujua data hiyo imepangwaje ndani ya mashine. Aseme anachotaka, kukitafuta ni kazi ya programu. Hoja hiyo ilishinda, na tumefaidika nayo sana. Lakini lazima awepo fundi wa kuamua data ipangweje, na kazi ya mafundi hao inastahili kutazamwa polepole. Kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uhodari wao mkubwa uko katika yale waliyokataa kuyaandika.

Tuanze na mahali mstari unapokaa. PostgreSQL haiendi kwenye diski kuchukua mstari mmoja. Faili la jedwali limegawanywa katika kurasa za baiti 8192 kila moja, na ukitaka mstari mmoja unaletewa ukurasa wake mzima. Baiti 24 za mwanzo ni kichwa cha ukurasa. Humo mna alama inayoonyesha badiliko la mwisho la ukurasa huo liko wapi katika rejista ya mabadiliko, namba ya kuhakiki kwamba ukurasa haujaharibika, na namba mbili fupi zinazosema nafasi tupu inaanzia wapi na inaishia wapi.

Baada ya kichwa huja vielekezi, baiti 4 kila kimoja, vikijipanga kutoka juu kuteremka. Mistari yenyewe huanzia mwisho wa ukurasa ikipanda. Ni kama watu wawili walioketi kwenye sinia moja la wali, kila mmoja akila kutoka upande wake: nafasi tupu iko katikati, inaliwa kutoka pande zote mbili, na mikono ikikutana sinia limekwisha. Kwa mpango huo hakuna anayelazimika kuamua mapema ukurasa ubebe mistari mingapi. Mistari mifupi italeta vielekezi vingi, mirefu italeta vichache, na mpaka utajipata wenyewe.

Kielekezi kina biti 32. Biti 15 zinasema mstari unaanzia baiti ya ngapi, 15 nyingine zinasema urefu wake, na mbili zilizobaki zinasema hali yake: hakitumiki, kinatumika, kimekufa, au kinakutuma kwenye kielekezi kingine. Hiyo hali ya nne iwekeni akilini, tutaihitaji. Kwa wote walio nje ya ukurasa, anwani ya mstari ni namba ya ukurasa na namba ya kielekezi, basi. Mahali halisi pa baiti hapatajwi. Kwa hiyo hifadhidata inaweza kuisogeza mistari ndani ya ukurasa ili kubana nafasi, ikarekebisha vielekezi, na faharasa zote zinazourejelea ukurasa huo zisiguswe.

Sasa mstari wenyewe. Tuupe safu tano: kituo, kipindi na kipimo, ambazo ni namba kamili za baiti 4 kila moja, thamani, ambayo ni maandishi, na maelezo, maandishi pia, ambayo mhudumu anaweza kuyaacha wazi. Kituo ni 12, kipindi ni 202403, kipimo ni 5, thamani ni 47, na maelezo hayakujazwa. Sehemu ya data ya mstari huo, ikiandikwa kwa namba za msingi wa 16, ni hii:

0c000000 a3160300 05000000 07 34 37

Baiti 15, zimekwisha. Nne za kwanza ni 12, ikianza na baiti ndogo kama ilivyo desturi ya prosesa nyingi za leo. Nne zinazofuata ni 202403, na nne nyingine ni 5. Baada ya 07 zinakuja 34 na 37, ambazo ni alama ya 4 na alama ya 7. Neno “kituo” halimo. Neno “thamani” halimo. Majina ya safu, aina zake na mfuatano wake vimeandikwa mara moja tu, katika katalogi ya hifadhidata, na mistari yote ya jedwali inategemea katalogi hiyo ili ieleweke. Mstari wenyewe ni baiti zilizopangana zisizojitambulisha. Na yale maelezo ambayo mhudumu hakuyajaza hayakuachiwa hata nafasi: baada ya 37 hakuna kitu.

Msomaji wa baiti hizi atajuaje kwamba safu ya tano haina kitu, na si kwamba amesoma vibaya? Hapo ndipo unapohitajika mzigo ulio mbele ya data, yaani kichwa cha mstari. Kina baiti 23. Nne ni namba ya muamala (kundi la amri linalokamilika au kutanguliwa zima) uliouzaa mstari huu. Nne ni namba ya muamala uliouua, au sifuri kama bado uko hai. Nne zinahusu mpangilio wa amri ndani ya muamala mmoja. Sita ni anwani ya toleo jipya la mstari huu, na kama hakuna jipya, mstari unajielekezea wenyewe. Baiti mbili, tena mbili, zimejaa bendera ndogo ndogo pamoja na idadi ya safu ambazo mstari ulikuwa nazo ulipoandikwa. Ya mwisho, baiti moja tu, inasema data inaanzia umbali gani.

Data inapaswa kuanzia kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo baada ya zile 23 kuna baiti moja ya pengo. Ndani ya pengo hilo wameweka ramani ya biti: biti moja kwa kila safu, 1 ikiwa ina kitu, 0 ikiwa ni NULL. Mstari wetu una ramani 11110000, na sifuri iliyo nafasi ya tano ndiyo habari yote inayohusu maelezo yasiyojazwa. Kwa jedwali lenye safu zisizozidi nane, ramani hiyo haigharimu chochote, maana imeketi mahali ambapo pangekaa hewa. Na mstari ukiwa umejaa safu zote, ramani haiandikwi kabisa. Bendera moja kwenye kichwa inatosha kusema haipo. Sijui kama inawezekana kueleza kutokuwepo kwa kitu kwa gharama ndogo zaidi ya hiyo.

Ile baiti moja inayosema data inaanzia wapi ina tokeo ambalo watu hukutana nalo bila kujua chanzo chake. Baiti moja haiwezi kuhesabu zaidi ya 255, na kichwa pamoja na ramani ya biti lazima vitoshe humo. Ndiyo maana jedwali la PostgreSQL haliwezi kuzidi safu 1600.

Turudi kwenye 07. Maandishi hayana urefu maalumu, kwa hiyo lazima urefu uandikwe mahali. Zamani uliandikwa kwa baiti 4, tena zikiwa zimepangwa kwenye nafasi inayogawanyika kwa 4, hivyo herufi mbili zingeweza kuburuta baiti sita au saba za ziada. Toleo la 8.3, lililotoka mwaka 2008, lilileta kichwa kifupi cha baiti moja kwa maandishi yasiyozidi baiti 126. Biti moja ya baiti hiyo huwa 1 daima ili kusema “mimi ni kichwa kifupi”, na saba zilizobaki hutaja urefu, pamoja na kichwa chenyewe. Hapa urefu ni 3. Tatu ikisogezwa biti moja na kuongezwa ile 1 inakuwa 7.

Kuna swali dogo lililobaki, na jibu lake ndilo lililonifanya nianze kuwaheshimu watu hawa kwa namna nyingine. Kichwa kifupi hakihitaji kupangwa kwenye nafasi maalumu, lakini kile kirefu kinahitaji, na mbele yake huwekwa baiti za kujazia. Anayesoma akifika mwisho wa safu iliyotangulia, atajuaje kama baiti iliyo mbele yake ni ya kujazia au ni kichwa kifupi? Walikubaliana hivi: baiti za kujazia lazima ziwe sifuri. Kichwa kifupi kina ile biti ya 1, kwa hiyo hakiwezi kuwa sifuri kamwe. Ukikuta sifuri, ruka mpaka nafasi inayogawanyika kwa 4. Ukikuta kisicho sifuri, soma hapo hapo. Hakuna alama iliyoongezwa, hakuna baiti iliyotumika, na utata wote umeondoka.

Nitaje pembeni kwamba Kiswahili kinakaa vizuri katika mpango huu. Kwa usimbaji wa UTF-8 herufi zetu zote huchukua baiti moja moja. Neno ng'ombe lina baiti 7 ukiliandika kwa alama nyofu ya kibodi. Ukitumia alama iliyopinda ya wachapishaji zinakuwa 9, kwa kuwa alama hiyo peke yake inakula 3. Anayetafuta neno hilo kwenye hifadhidata kwa alama moja hatalipata lililoandikwa kwa nyingine, na wanaotengeneza mifumo ya Kiswahili wangefanya vyema kuamua mapema ipi itumike.

Si kila kitu katika mpangilio wa safu kinanipendeza. Namba za baiti 8 lazima zikae kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8. Ukitengeneza jedwali lenye safu ya ndiyo-au-hapana, kisha namba kubwa, kisha ndiyo-au-hapana nyingine, kisha namba kubwa nyingine, data itachukua baiti 32, na 14 kati yake ni za kujazia. Ukizitanguliza namba kubwa, zile zile safu nne zinachukua baiti 18, ambazo mwishoni hujazwa kufikia 24. Baiti 8 zimeokolewa kwa kila mstari. Kwa mistari milioni 10 hizo ni megabaiti 80. PostgreSQL haizipangi upya safu kwa niaba yako. Huziweka kwa mfuatano ulioutaja wewe, na mimi naona hapo wangeweza kutusaidia zaidi. Anayesanifu jedwali kubwa azitangulize safu pana na maandishi ayaweke mwisho.

Hesabu ya mstari wetu basi ni hii: kichwa na ramani baiti 24, data 15, jumla 39, inajazwa kufikia 40, ongeza kielekezi cha baiti 4, ni 44. Ukurasa mmoja utabeba mistari 185 ya namna hiyo. Msomaji makini ameshaona kwamba mzigo wa usimamizi umeizidi data. Watu waliokuwa wakihesabu hadi biti moja ya maandishi mafupi wamekubali kulipa baiti 23 kwa kila mstari, na walikuwa na sababu.

Tuseme keshoye inagundulika kwamba tarakimu zilipinduliwa: watoto waliochanjwa walikuwa 74. Mhudumu anasahihisha. Tungetarajia hifadhidata ifute 37 iweke 34, ifute 34 iweke 37, mambo yaishe. Haifanyi hivyo. Inaandika mstari mpya kamili wenye 74, ikiupa namba ya muamala wa sasa kama mzazi wake. Kwenye mstari wa zamani inaandika namba hiyo hiyo katika nafasi ya aliyeuua, na anwani ya mstari mpya. Ile 47 haikuguswa. Ofisa wa wilaya aliyeanza kutoa ripoti sekunde chache kabla ya sahihisho ataendelea kuona 47 mpaka ripoti yake iishe, kwa sababu kwake muamala wa sahihisho bado haujatokea; anayeanza baadaye ataona 74. Hakuna aliyemsubiri mwenzake, na hakuna aliyeona nusu ya jambo. Kila mmoja anasoma kichwa cha mstari, analinganisha namba za miamala na wakati aliouanza yeye, na kuamua kama mstari huo ni wa kwake.

Kufuta nako ni hivyo hivyo. Amri ya DELETE haifuti kitu. Inaandika namba ya muuaji na kuondoka. Kutangua ni kwepesi kuliko yote. Mtu akiingiza mistari milioni moja kisha akatangua muamala wake, hakuna anayezunguka kuiondoa. Hali ya kila muamala imeandikwa mahali pengine, kwa biti mbili tu, kiasi kwamba ukurasa mmoja wa baiti 8192 unatunza hali za miamala 32,768. Biti mbili zinageuka kusema “umetanguliwa”, na mistari milioni moja, ikiwa imelala vile vile ilivyoandikwa, inakuwa haijawahi kuwepo.

Wazo hili lina historia. Michael Stonebraker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza mradi wa Postgres mwaka 1986, na mwaka uliofuata akachapisha makala kuhusu sehemu ya uhifadhi. Alikusudia makubwa: data isiandikwe juu ya data kamwe, matoleo ya kale yahamie kwenye hazina ya kudumu, na mtumiaji aweze kuuliza jedwali lilikuwaje siku fulani iliyopita. Uwezo huo wa kurudi nyuma uliondolewa baadaye, kwa maana uligharimu mno. Rejista ya mabadiliko, ambayo Stonebraker alitaka kuikwepa, iliingizwa na toleo la 7.1 mwaka 2001. Lakini mistari isiyofutwa ilibaki, na mwaka 1999, kwa kazi ya Vadim Mikheev katika toleo la 6.5, ikapewa kazi mpya ya kuwawezesha watu wengi kusoma na kuandika kwa pamoja bila kuzuiana. Kilichokusudiwa kutunza historia kikawa msingi wa utulivu wa sasa.

Bei ya mpango huu ni maiti. Mistari iliyokufa inajaa kwenye kurasa, na lazima apite wa kuizoa. Kazi hiyo ni ya VACUUM. Bei nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Faharasa zinaelekeza kwenye anwani ya mstari, na toleo jipya lina anwani mpya, kwa hiyo kubadili safu moja kulilazimu kuongeza kiingilio kipya katika kila faharasa ya jedwali, hata zile zisizohusiana na safu iliyobadilika. Mwaka 2008, katika lile lile toleo la 8.3, ikaingia kazi iliyoanzishwa na Pavan Deolasee. Ikiwa safu zilizobadilika hazimo katika faharasa yoyote, na ikiwa ukurasa ule ule una nafasi, mstari mpya unaandikwa jirani na wa zamani, na faharasa haziambiwi kitu. Zinaendelea kuelekeza kwa wa zamani, na wa zamani una anwani ya mpya katika kichwa chake.

Hapo ndipo ile hali ya nne ya kielekezi inapofanya kazi. Mstari wa zamani ukishakuwa hauna anayeuhitaji, baiti zake zote zinaweza kutwaliwa, lakini kielekezi chake hakiwezi kuondoka kwa kuwa faharasa zinakitegemea. Basi kinageuzwa: badala ya kusema mstari uko wapi, kinasema “nenda kwa kielekezi namba fulani”. Mstari umekwisha, kilichobaki ni baiti 4 zinazomwelekeza mgeni mlango mpya. Tena usafi huo hausubiri VACUUM. Mtu yeyote anayepita kwenye ukurasa, hata aliyekuja kusoma tu, anaweza kuufanya akiona nafasi inahitajika.

Msomaji kusaidia kazi ni tabia iliyoenea humu. Anayekutana na mstari kwa mara ya kwanza analazimika kwenda kuuliza kama muamala uliouzaa ulikamilika. Akishapata jibu, hawaachii wanaomfuata taabu hiyo: anawasha bendera moja kwenye kichwa cha mstari inayosema “mzazi wake alikamilika”. Kuna wanaoshangaa kwa nini hoja ya kusoma imesababisha diski kuandikwa, na sababu mara nyingi ni hiyo.

Bendera hizo zina kisa kimoja ninachokipenda. Ipo inayosema muamala mzazi ulikamilika, na ipo inayosema haukufaa. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kwa upande mwingine, namba za miamala zina biti 32, na hapa nathubutu kusema ubanaji ulizidi: baada ya miamala kama bilioni nne namba zinazunguka na kuanza upya, hivyo kila mstari huona takriban bilioni mbili nyuma yake na bilioni mbili mbele. Mstari mkongwe usipotiwa alama ungefika siku ukaonekana umezaliwa kesho, na kutoweka machoni pa wote. Kwa hiyo VACUUM “huigandisha” mistari ya zamani, yaani kuitangaza kuwa ya tangu na tangu. Zamani iliandika namba maalumu juu ya namba ya mzazi, na habari ya nani aliuzaa mstari ikapotea. Toleo la 9.4 la mwaka 2014 lilibadili hilo. Siku hizi mstari ulioganda huwashiwa bendera zote mbili zinazopingana. Mchanganyiko uliokuwa hauna maana umepewa maana, biti haikuongezwa, na namba ya mzazi imebaki palepale kwa anayetaka kuchunguza.

Kuongeza safu kumefuata falsafa hiyo hiyo. Kumbuka kwamba kichwa kinataja idadi ya safu ambazo mstari uliandikwa nazo. Ukiongeza safu ya sita leo, mistari yote ya zamani inasema “tano”, na anayesoma anajua ya sita ni NULL. Hakuna mstari ulioguswa. Kabla ya toleo la 11, lililotoka 2018, ukitaka safu mpya iwe na thamani ya msingi, tuseme 0, jedwali zima liliandikwa upya, na kwa jedwali kubwa maana yake ni huduma kusimama. Sasa thamani hiyo inaandikwa mara moja katika katalogi, na kila mstari unaosema “tano” hukopeshwa wakati wa kusomwa. Kuondoa safu ni hivyo pia: katalogi inaiwekea alama ya kufutwa, baiti za zamani zinabaki zilipo, mistari mipya inaweka NULL.

Yapo maandishi yasiyotosha kwenye ukurasa, na kwa hayo uko utaratibu uitwao TOAST, wa mwaka 2001, kazi ya Jan Wieck. Mstari ukizidi takriban kilobaiti 2, thamani zake ndefu hubanwa, na zikigoma hukatwa vipande na kuwekwa katika jedwali la pembeni, mstari ukibaki na kielekezi cha baiti 18. Anayesoma safu nyingine za mstari huo hagusi mzigo ule kabisa.

Wengine wamechagua njia nyingine, na wana haki zao. InnoDB, iliyoanzishwa na Heikki Tuuri wa Finland na inayotumika ndani ya MySQL, huiweka mistari ndani ya mti wa ufunguo wake mkuu, hubadilisha palepale, na toleo la zamani hulihamishia pembeni ili anayelihitaji alifuate huko. SQLite ya Richard Hipp, ambayo imo ndani ya simu za Android na iPhone, haina kichwa kizito. Kila mstari huanza na orodha fupi ya aina za thamani zake, namba kamili huchukua baiti nyingi kadiri ya ukubwa wake tu, na namba 0 na 1 hazina baiti yoyote ya data, kwa kuwa orodha ya aina imeshasema “hii ni sifuri” au “hii ni moja”. Kwa kifaa kidogo chenye mwandishi mmoja kwa wakati, nadhani SQLite ndiyo yenye mstari mzuri kuliko wote. Kwa seva yenye watu mia wanaosoma na kuandika pamoja, nampa ushindi yule mwenye baiti 23.

Haya yote yanaweza kuonekana kwa macho. Ukiwa na PostgreSQL kwenye kompyuta yako na ruhusa ya msimamizi, tengeneza jedwali dogo, ingiza mstari mmoja, kisha andika CREATE EXTENSION pageinspect; na baada yake SELECT * FROM heap_page_items(get_raw_page('jina_la_jedwali', 0)); ukiweka jina la jedwali lako. Badilisha mstari, utazame tena. Ufute, utazame tena. Itachukua muda usiozidi wa kunywa chai, na hutahitaji kuniamini mimi.